Kifaurongo wa Chumba cha Ishirini na Saba

Jumanne, 8 Desemba 1998

Leo Balwinder amenipa diski mpya. Balwinder ni mhariri wa jarida letu la michezo ya kompyuta, mama wa Southall mwenye sauti ndogo na kalamu nyekundu, na kwa miaka miwili sasa hunipa michezo ambayo waandishi wake wa kuajiriwa hawaitaki. Wao hugombania ya magari na bunduki, ile ambayo mtu anazunguka ndani yake pande zote. Mimi hupewa makombo. Kombo la leo ni mchezo wa bapa: unakwenda kushoto, unakwenda kulia, unaruka, basi. Ni toleo la pili la mchezo uliotoka miaka mitano iliyopita. Mdudu mweusi anasukuma donge lake kutoka chumba hadi chumba, na kila chumba kina fumbo linalomzuia asifike mlangoni. Vyumba viko arubaini.

Ndani ya bahasha mlikuwa na barua ya mkono, mistari miwili tu: tafadhali, atakayeandika amalize kwanza. Chini yake jina, Chandrakant, na namba ya simu ya Kenton, mtaa wa ng'ambo ya mji. Nimecheka ndani ya basi. Wenye michezo wengine hututumia fulana na vikombe, huyu katuma ombi.

Lakini kubwa la leo si hilo. Balwinder kasema Januari itapatikana nafasi moja ya kuajiriwa, na ni baina yangu na Collins. Ataamua kwa kazi tutakazoandika mwezi huu. Naitaka nafasi hii, sitajidanganya. Nataka meza yangu, nataka jina langu kwenye ukurasa wa pili, Ummukulthum Mansour, herufi zote, na nataka Mama aache kuwaambia wenzake msikitini kwamba "mwanangu yumo kwenye kompyuta," wakaniletea mashine zao mbovu nizitengeneze.

Jumatano, 9 Desemba

Vyumba vinane. Nilianza kwa kumcheka mdudu, nikamaliza nimempenda kidogo.

Alhamisi, 10 Desemba

Mvua kutwa. Vyumba sita. Cha kumi na tatu kimenila saa mbili nzima, na jibu lilikuwa mbele ya pua yangu tangu mwanzo.

Jumamosi, 12 Desemba

Nyumba yetu hapa Edmonton ina televisheni moja na wenyewe wawili. Mama hutoka alfajiri kwenda kuwahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kulelewa, hurudi saa sita, na akirudi anataka kukaa kwenye kochi lake atazame Waingereza wakinadi masufuria ya bibi zao. Tumepatana: mpaka saa saba na nusu ni yake, baada ya hapo yangu, isipokuwa wakati wa sala.

Sala ndiyo mtihani wa Desemba katika mji huu. Jua linachelewa kuja na linawahi kuondoka, kwa hiyo adhuhuri, alasiri na magharibi zinasukumana ndani ya saa nne. Kila wakati ukiingia, mimi nasimamisha mchezo kwa kitufe cha katikati, na Mama anachukua kanga yake ya kijani, ile yenye maneno Usisafirie nyota ya mwenzio, anaifunika televisheni mpaka chini. Hataki picha ya kiumbe imtazame akisujudu. Mashine yenyewe hatuizimi, maana nikiizima katikati ya chumba napoteza kazi yangu yote.

Leo nilikwenda jikoni kuangalia sufuria ya maharage, na niliporudi mdudu alikuwa amelala chali, miguu juu. Ndivyo afanyavyo ukimwacha nusu dakika bila kubonyeza kitu. Watengenezaji wengi huweka kichekesho kama hicho kwa ajili ya mchezaji aliyesinzia. Mama alikuwa anamtazama, uso umemkunjuka, jambo ambalo silioni mara nyingi akitoka kazini.

"Nnamjua huyo," akasema. "Kifaurongo. Tukiwachezea sana Wete. Akiona hatari anajifanya maiti, ikishapita anakwenda zake."

Nikamwambia huyu si wa Wete, kwetu Pemba, huyu wa Kenton. Nikabonyeza, mdudu akainuka.

Jumanne, 15 Desemba

Nimefika chumba cha ishirini na saba. Ni kitupu. Kuna tawi moja, mlango mmoja upande wa kulia, na juu ya mlango amekaa kinyonga mkubwa, jicho moja huku na jicho moja kule. Mdudu akisogea hatua tatu, ulimi unatoka, kwisha habari yake. Hakuna jiwe la kujificha, hakuna swichi, hakuna shimo. Nimeruka, nimekimbia, nimenyata. Nimelitanguliza donge ili liliwe lenyewe kwanza. Kinyonga hali donge.

Jumatano, 16 Desemba

Chumba cha ishirini na saba.

Alhamisi, 17 Desemba

Chumba cha ishirini na saba. Mama ameniuliza kwa nini namtukana mnyama wa watu.

Ijumaa, 18 Desemba

Ofisini. Collins ni Mkenya wa Nakuru, ana miezi sita tu hapa, anavaa skafu ya timu yake ndani ya nyumba na anakula kuku wa kukaanga juu ya meza ambayo inaweza kuwa yangu. Aliona nimekunja uso akaniomba pedi, kile kidude cha kuchezea, ajaribu. Akaliwa mara ishirini, akacheka kila mara.

"Hii ni bug tu, Ummu," akasema, yaani kosa la programu. "Wamesahau kuweka njia. Andika hivyo, umalizane nao."

Nilimtazama. Mtu anayegombea kazi moja na wewe akikupa ushauri, unaupokea kwa mkono wa kushoto. Hata hivyo ushauri wenyewe umenikaa kichwani njia nzima mpaka Edmonton.

Jumapili, 20 Desemba

Ramadhani. Sisi tumeanza leo, Mama mdogo wa Lewisham ameanza jana, na Mama amekaa nusu saa kwenye simu akimweleza mdogo wake kwamba mwezi hauandami kwa kusikia. Sijacheza.

Jumatatu, 21 Desemba

Nimempigia simu Bwana Chandrakant. Nilianza kwa Kiingereza changu cha ofisini, kile cha kubana pua, nikamuuliza kama chumba cha ishirini na saba kina kosa, au diski niliyopewa ni mbovu. Akaniuliza jina langu, nikamtajia. Halafu akaniuliza kwa Kiswahili kile kile cha nyumbani kwetu: "Mansour wa wapi, mwanangu?"

Niliona haya sijui kwa nini. Nikamwamkia kwanza, shikamoo, ndipo nikamwambia sisi watu wa Wete, Pemba, tulikuja huku nikiwa na miaka minane. Akacheka. Yeye kazaliwa Wete, nyumba ya barabarani, baba yake akiuza nguo na mafuta ya taa. Waliondoka sitini na nne, yeye na wazee wake na mdogo wake Suresh. Akaniuliza habari za mitaa ambayo mimi naijua kwa masimulizi ya Mama tu, na kwa dakika kumi nilisahau kwamba nimepiga simu ya kazi. Alinieleza kwamba michezo yote miwili wameitengeneza wao, yeye anapanga mafumbo na Suresh anachora.

Nikaona hapo ndipo pa kuombea. Nikasema Mzee, basi nipe njia ya chumba kile, nina tarehe ya kupeleka.

"Fumbo ukishaambiwa si fumbo tena, ni habari," akasema. "Kaa nalo."

Nikamwambia nimekaa nalo wiki nzima, naota vinyonga. Akaniambia, kwa upole sana, na upole wenyewe ndio ulionikera: "Hakuna kosa mle ndani, nakuapia. Kaa nalo tu."

Nimekata simu nikiwa nimefura. Kwanza anafanya ujirani, kisha ananiweka kama mtoto wa chuoni asiyejua alifu. Na mwenye bidhaa nzuri haapi, bidhaa inamsemea. Huyu mzee anajua kabisa kwamba chumba kimemharibikia.

Ijumaa, 25 Desemba

Krismasi. Hakuna basi wala treni mji mzima. Mama amefuatwa na gari la kazini, maana wazee hawana sikukuu. Mimi na chumba cha ishirini na saba kuanzia asubuhi mpaka magharibi. Mimi nimefunga, kinyonga hakufunga.

Jumatatu, 28 Desemba

Nimeandika. Nanakili hapa kidogo, kwa Kiswahili, kwa sababu nimejipenda leo:

"Mdudu huyu amechelewa miaka mitano kuja karamuni, na amekuja na nguo zile zile. Vyumba ishirini na sita vya kwanza vina akili. Cha ishirini na saba hakipitiki. Sisemi ni kigumu, nasema hakipitiki, na kama waliokitengeneza wamepita, watuonyeshe walikopitia. Hata mdudu mwenyewe amekata tamaa: ukimwacha kidogo analala chali na kungoja mauti."

Alama arubaini na moja kwa mia. Nikiandika niliusikia utamu, wallahi, kama mtu anayekuna upele. Barua ya mistari miwili ilikuwa mezani pembeni yangu. Niliigeuza ikatazama chini.

Jumatano, 30 Desemba

Nimeupeleka. Balwinder ameusoma nimesimama, akacheka kwa sauti. Sijawahi kumsikia akicheka.

Ijumaa, 1 Januari 1999

Mwaka mpya. Tambi na viazi vitamu. Mama kasema swaumu yangu mwaka huu ina kisirani.

Jumatatu, 4 Januari

Nimepata. Nimepata nafasi! Balwinder aliniita ofisini kwake akafunga mlango. Kasema kwa miaka miwili nilikuwa naandika kama mgeni anayeogopa kumwaga chai, na ukurasa wa mdudu ndio wa kwanza kuandikwa na mwenyeji. Nitaanza Februari. Ukurasa umeshapangwa na umekwenda kiwandani, mashine za kuchapa zinaanza Ijumaa adhuhuri.

Collins alinipa mkono wa hongera, na alinitazama machoni akiutoa. Sikulitegemea hilo. Mama alilia, kisha akampigia simu Mama mdogo wa Lewisham, na mambo ya mwezi yakasahauliwa.

Jumatano, 6 Januari

Naandika haya usiku, nimeshafuturu.

Leo Mama alichelewa, alirudi kazini alasiri, amechoka. Mzee mmoja aliyekuwa akimwogesha kwa miaka mitatu amefariki jana. Alikaa kwenye kochi na koti lake, hakutaka masufuria ya mnada. Akaniambia, "Hebu niwekee yule kifaurongo wangu nimtazame." Mimi sikutaka kumwona tena mdudu yule, lakini kwa uso ule ningemwekea hata shetani. Mchezo ulikuwa umenikwamisha pale pale, kwa hiyo kikafunguka chumba cha ishirini na saba. Nikasogea, nikaliwa. Nikasogea, nikaliwa. Mama akawa anasema pole, pole, sijui kwangu au kwa mdudu.

Tuna saa ya plastiki yenye umbo la msikiti, inaadhini nyakati zote tano. Betri yake imechoka na hatukujua. Mama alitupa jicho kwenye ratiba ya Ramadhani iliyobandikwa kwenye friji, kisha kwenye simu yake ya kazini, akaruka: jua limezama zamani, sisi tumekaa. Kuchelewesha futari kwake ni kama kuchelewesha mkate wa yatima. Nikaitupa pedi kochini, nikakimbilia tende na maji. Mama akaifunika televisheni na kanga. Tukasimama tukaswali magharibi, rakaa tatu, yeye akiongoza, mimi ubavuni mwake, na leo alisoma sura ndefu, nadhani kwa ajili ya mzee wake aliyekufa.

Tulipotoa salamu ndipo nilipokumbuka kwamba sikusimamisha mchezo. Kila siku mimi husimamisha. Tangu Desemba, sala zote hizo, nilikuwa nasimamisha kwanza ndipo kanga ifunike, kwa hiyo huku nyuma ya kanga hakuna dakika hata moja iliyokuwa ikipita. Nikaifunua pembe moja, nikitegemea kumkuta mdudu ameliwa.

Alikuwa amelala chali, miguu juu. Juu ya mlango hapakuwa na mtu. Kinyonga alikuwa mbali kule mwisho wa tawi upande wa kushoto, amegeuza mgongo, anapiga hatua moja, anayumba, anapiga nyingine, kwa mwendo ule ule wa vinyonga ambao haujui haraka. Macho yote mawili yalikuwa yanatazama mbele. Nikaiokota pedi kwa vidole viwili. Mdudu akainuka, akasukuma donge lake, akatoka mlangoni.

"Si nilikwambia," akasema Mama, mdomo una tende. "Kinyonga hali kisichotikisika. Anaona mwendo tu yule."

Alikuwa ameniambia nusu yake tangu Desemba, na nusu nyingine aliijua hata mtoto wa Wete. Mimi wiki tatu nilikuwa nabonyeza. Njia ya kupita ilikuwa ni kuweka mikono chini, na jambo hilo tu ndilo sikulijaribu.

Nilikaa sakafuni muda. Nitasema kweli hapa, kwa sababu shajara haina wa kumwongopea. La kwanza lililonijia ni kwamba hakuna anayejua. Collins alisema ni bug. Balwinder alicheka. Wasomaji wataliwa na kinyonga kama mimi na wataniona nina haki. Nikinyamaza mpaka Ijumaa adhuhuri, mwezi ujao nina meza yangu.

Nikapiga simu Kenton. Nilitaka kumwambia Bwana Chandrakant kwamba nimepita, hayo mengine nilikuwa sijayaamua. Simu ilipokewa na mkewe, Bi Sushila. Mumewe alikuwa amekwenda hekaluni. Nilipomtajia jina langu akasema, "Ah, wewe ndiye yule binti wa Wete. Alifurahi siku ile, akala chakula chake chote." Nikamuuliza kwani huwa hali. Ndipo aliponieleza. Suresh amefariki Agosti, ini. Michoro ya chumba cha mwisho aliimalizia kitandani hospitalini, ubao umewekwa juu ya mto. Siku ile kwenye simu yule mzee aliniambia "Suresh anachora," nami nikapita. Kampuni inayowatolea mchezo imeshawaambia kwamba michezo ya bapa siku hizi haina wanunuzi, na inangoja majarida: yakiupiga chini, mchezo utabaki boharini. Bi Sushila hakuniomba kitu. Aliniuliza tu kama nimeshaandika.

Nikasema nimeandika. Akasema, "Ahsante, mwanangu," kwa sababu alidhani nimemaliza kwanza.

Alhamisi, 7 Januari

Nilimkuta Balwinder anavua glavu. Nilimwambia yote kwa mara moja, kanga na sala na kinyonga, nikamwambia kwamba ukurasa ulioko kiwandani una uongo na uongo ni wangu. Hakunipigia kelele. Aliniuliza maswali mawili: je, nilijua wakati naandika, na je, mtu mwingine yeyote alijaribu.

Kabla sijajibu la pili, Collins akaingia na skafu yake. Kumbe alisimama mlangoni. Akamwambia yeye alijaribu, na yeye ndiye aliyenitia maneno ya bug kinywani. "Mimi ndiye nilimwambia aandike hivyo," akasema. Hakulazimika kusema. Nilimwangalia mtu yule niliyempokea kwa mkono wa kushoto, nikatamani nimwombe radhi kwa kila kipande cha kuku.

Balwinder alipiga simu kiwandani. Alizungumza kwa ile sauti yake ndogo robo saa nzima, na alipoweka simu aliniambia nina mpaka saa tatu ya kesho asubuhi kuleta ukurasa mwingine. Halafu akatoa kofia ya kalamu nyekundu na kuirudisha, mara mbili tatu.

"Nafasi nilikupa kwa ukurasa ambao haupo tena," akasema. Alisema kwa Kiingereza, kwa upole, na safari hii upole haukunikera. "Mwandishi wa kuajiriwa humaliza kwanza. Siwezi kumwajiri mtu leo kwa sababu ametubu leo. Nitampa Collins. Wewe endelea kuja kama zamani."

Nikasema sawa. Nilikwenda chooni nikalia kidogo, kwa uangalifu, maana nimefunga, kisha nikaosha uso. Collins alikuwa ameshaniwekea mashine kwenye meza yake, meza yake sasa kwa haki, na amehamisha kuku kwenda dirishani. Nilicheza vyumba kumi na vitatu kutwa, yeye akiwa pembeni anapanga picha za ukurasa mpya. Magharibi ilipoingia alinisimamishia mchezo yeye, akasema, "Leo hii si ya kulala chali, Ummu, hii ina maji." Kweli, kilikuwa chumba cha maji.

Chumba cha arubaini hakina fumbo. Ni baraza ya duka, imechorwa kwa mkono unaotetemeka kidogo. Kuna marobota ya nguo mlangoni na pipa la mafuta ya taa. Watoto wawili wamechuchumaa, wamekupa mgongo, wanatazama kitu sakafuni. Unamsukuma mdudu mpaka katikati yao, halafu pedi inaacha kusikia. Jina moja linatokea, Suresh, na mwaka aliozaliwa na mwaka jana. Collins alivua skafu yake. Tuliitazama picha mpaka ikajizima yenyewe.

Ijumaa, 8 Januari

Ukurasa umefika saa mbili na nusu. Umeanza hivi: "Siku kumi zilizopita mwandishi huyu aliandika kwamba chumba cha ishirini na saba hakipitiki. Hakipitiki kwa mtu asiyeweza kuacha mikono yake itulie." Njia sikuisema. Alama themanini na tisa. Balwinder amefuta neno moja tu.

Jumatatu, 11 Januari

Mama nimemwambia habari ya nafasi. Aliendelea kukunja nguo. Baadaye akasema atamwambia Mama mdogo kwamba mwandamo wa kazi yangu ulikosewa.

Jumatatu, 18 Januari

Idi. Mwaka huu hata Lewisham wamekubali ni leo.

Ijumaa ile ile ya ukurasa mpya nilimpigia Bwana Chandrakant nikamsimulia yote, mpaka ukurasa wa kwanza na alama zake, mpaka kanga. Sikutaka anishukuru kwa nisiyoyafanya. Alisikiliza, akauliza tu kanga ilikuwa rangi gani. Leo alasiri kengele imelia, nafungua mlango namkuta yeye na Bi Sushila, wana sanduku la peremende za maziwa na wameshika jarida ambalo hata mimi sijalipata. Ni mtu mfupi mwenye masikio makubwa. Nilimwamkia shikamoo kwa heshima zote, akanipapasa kichwa kama ninao umri ule ule wa kutoka Wete.

Mama aliwatandikia kila kilichopikwa. Walipokwisha kutafuta nani alikuwa jirani wa nani, ikaonekana duka la baba yake na nyumba ya babu yangu vilitengwa na nyumba tatu. Bwana Chandrakant akatuambia kampuni imekubali kuupeleka mchezo madukani. Si maduka mengi, lakini utapelekwa. Kisha akamwomba Mama amwonyeshe mdudu alivyokaa siku ile. Nikaweka diski, nikafungua chumba cha ishirini na saba, kinyonga akatokea na macho yake.

Saa ya plastiki ina betri mpya. Ikaadhini. Mama akainuka kutafuta kanga, lakini ilikuwa imeshachukuliwa. Yule mzee ndiye aliyeitoa mgongoni mwa kiti, akaifunika televisheni kuanzia juu mpaka chini, akanyoosha pindo, akarudi kukaa karibu na mkewe na mikono juu ya magoti. Mchezo hakuusimamisha. Tukaswali magharibi, wao wamekaa nyuma yetu.

Tulipotoa salamu alikuwa anatazama saa ya mkononi.

"Dakika nne," akasema. "Babu yako alipokuwa akiswali barazani kwetu, mama yetu alitukataza kufanya kelele. Tukimweka kifaurongo chini, mimi na Suresh, tunangoja nani ataanza kuinuka, yeye au mzee." Akaivua kanga taratibu, akaikunja. Mdudu amelala chali, mlango uko wazi. "Suresh alinipinga mpaka mwisho kuhusu chumba hiki. Alisema katika mji huu hakuna mtu atakayeacha mikono yake dakika nne. Mimi nikamwambia wapo."